Sidiria Mbili za Runzewe

Miaka minne ya kuuza nguo za kike kwa simu, nikiwa sebuleni kwangu Nyasubi mjini Kahama, imenifundisha kwamba mtu anaweza kukuita dada, kipenzi, mpenzi wangu, akakuombea na baraka juu, halafu akachukua mzigo stendi na kukuambia haujafika. Nasema hivi mapema ili ieleweke nilikuwa mtu wa namna gani mwaka ule. Nilikuwa na mdomo, na nilikuwa nimechoka kuibiwa.

Aliyenikomesha alikuwa mteja wa Katoro. Aliagiza viatu vyekundu vya kisigino kirefu, nikamtumia kwa basi la asubuhi, jioni akaniandikia kwamba amefungua kiroba akakuta kanga kuukuu. Aliweka na vikatuni vya machozi. Nikamrudishia pesa yake yote na msamaha nikamwomba. Wiki hiyohiyo nikamwona kwenye stetasi yake, amesimama kando ya pikipiki mpya, miguuni viatu vyangu. Alikuwa amesahau kunifungia nisione.

Siku ile niliapa. Tangu hapo kila mzigo uliotoka kwangu niliuandika kwa makapeni, ile kalamu nene ya wino, kwenye karatasi nyeupe niliyoifunika kwa solotepu: jina la mwenye mzigo, namba ya anayekuja kuuchukua, na chini yake kila kilichomo, kimoja kimoja, kwa herufi kubwa. Nikawaomba makarani wa vifurushi huko nilikokuwa natuma wasome maandishi hayo kwa sauti kabla ya kukabidhi, na mpokeaji aitikie mbele za watu. Walikubali upesi, maana na wao walikuwa wamechoka kuitwa wezi. Malalamiko yakapungua kweli. Nilijisifu kwa wauza nguo wenzangu kwamba nimepata dawa ya matapeli.

Mteja wa Runzewe alinipata kupitia mtu aliyemtumia picha zangu. Hakuanza kwa kuuliza bei kama wengine. Aliandika: "Shikamoo dada. Nimesikia unazo sidiria za mtu aliyetolewa titi. Ni za mama yangu."

Nilikuwa nazo, ingawa sikuwa nazitangaza sana. Nilianza kuzitengeneza kwa ajili ya jirani yangu aliyerudi kutoka hospitali Mwanza akiwa na titi moja. Fundi cherehani wangu alishona mfuko kwa ndani ya sidiria ya kawaida, na sponji tulichonga wenyewe kutoka kwenye kipande cha godoro, tukakivika kitambaa laini na kutia mtama kiasi cha kiganja ndani yake ili kiwe na uzito, kisipande shingoni mtu akiinua mkono. Jirani alipoivaa mara ya kwanza alikaa mbele ya kioo muda mrefu, mimi nikajifanya napanga nguo. Baada ya hapo nikawa nahakikisha sikosi sponji mbili tatu zilizo tayari.

Nilimwomba binti vipimo. Hakuwa na futi ya fundi. Alimpima mama yake kwa uzi, akaulaza uzi juu ya rula ya shule ya mwanawe, akausogeza mara tatu na kunipigia picha kila mara. Tulicheka kidogo. Akanieleza kwamba amehamia kijijini kwa mama yake tangu mama alipofanyiwa upasuaji, mwendo wa saa nzima kwa pikipiki kutoka Runzewe mjini, na kwamba mama hajaingia kanisani mwaka mzima. Gauni lilikuwa linalala upande mmoja, na yeye alikuwa mwanamke wa kukaa benchi la mbele. Sasa Jumapili iliyokuwa inakuja mjukuu wake alikuwa anapokea Komunyo ya kwanza. Bibi ndiye aliyemfundisha sala zote, jikoni, moja moja. Alikuwa amesema ataenda, hata kwa kubebwa, ila hatakwenda vile alivyo.

Kesho yake nikapokea sauti ya huyo mama mwenyewe kwenye simu ya bintiye. Sauti ndogo, yenye mkwaruzo, Kiswahili chake kina Kisukuma ndani. "Mwanangu, nikuulize. Hiyo kitu haitaanguka nikipiga goti?"

Nikamjibu kwa sauti pia. Nikamwambia mama, ina mfuko wake, haitoki, hata ukitaka kucheza ngoma cheza. Akarudisha kicheko, kikaishia kwenye kikohozi, halafu akasema, "Wabeja, mwanangu. Wabeja sana." Asante hiyo bado ninayo kwenye simu. Sijaifuta na siwezi kuisikiliza.

Jumanne nilifunga mzigo. Binti alikuwa na ombi moja. "Dada, juu andika jina la mama. Hajawahi kutumiwa mzigo wa basi wenye jina lake. Atakayeufuata ni mume wangu, yuko palepale stendi na bodaboda yake. Nimemwambia kuna mzigo wangu tu."

Nikaandika jina la mama yake lote, la ubatizo na la ukoo. Nikaandika namba ya mume. Kisha nikashuka chini na kuandika kama ilivyokuwa sheria yangu: SIDIRIA 2. SPONJI YA TITI LA KUSHOTO 1. Nakumbuka kabisa kwamba neno la kushoto nililiongeza mwishoni, baada ya kufikiri kidogo, ili mtu asije akadai nimekosea upande.

Mzigo uliondoka na basi la alfajiri ya kesho yake. Jumatano alasiri binti akaniandikia: "Dada, mume wangu ameenda, anasema mzigo haujafika."

Damu ilinipanda palepale. Nikapiga simu ofisi ya vifurushi Runzewe, akapokea mtu ambaye si karani niliyezoea kumpata, yule wa dirishani. Akafungua daftari. Mzigo umefika leo asubuhi, akasema, na mwenye namba alikuja, kuna alama ya vema hapa. Nikamuuliza una uhakika. Akasema daftari halidanganyi, na huyo mtu anajulikana, yuko hapo nje kila siku na pikipiki yake.

Sikuhitaji zaidi. Niliona viatu vyekundu vya Katoro. Nikamwandikia binti maneno ambayo nikiyasoma leo natamani simu ingekuwa imezimika: "Mzigo umefika na mumeo ameuchukua. Muulize ameupeleka wapi kabla hujaniomba pesa."

"Mume wangu si mtu wa hivyo, dada."

"Wote huwa si watu wa hivyo," nikamjibu.

Naye akapiga ofisini, akaambiwa yaleyale, mwenye namba alikuja. Akamuuliza mumewe kwa simu, mumewe akasema hakuna mzigo. Alipomuuliza tena, mumewe akakata simu. Alhamisi binti akaniomba nimrudishie pesa ili atafute namna nyingine ya kumvalisha mama. Nikamwambia sirudishi pesa ya mzigo uliopokelewa. Ijumaa hakuandika, alipiga. Nilisikia kuku na mtoto kwa nyuma.

"Dada, basi tuache habari ya pesa," akasema. "Nitumie nyingine. Nitakulipa tukiuza mpunga. Mama ameshatoa gauni lake sandukuni, limepigwa pasi."

Sponji nyingine ya kushoto ilikuwepo. Ilikuwa juu ya kabati langu, ndani ya bakuli la plastiki, naiona nikiwa nimeshika simu. Basi lilikuwepo la jioni, na la Jumamosi asubuhi pia. Nikamwambia, "Nitatuma siku mumeo akisema ukweli."

Akasema haya dada, kwa heshima, na akakata.

Jumapili mchana ikaingia picha bila maneno. Mtoto wa kike wa gauni jeupe na shela, ameshika mshumaa uliozimika, amesimama kando ya bibi aliyekaa kwenye kigoda uani. Bibi amejifunika kitenge hadi kidevuni, na jua lile. Anacheka. Mtoto ndiye aliyeletwa kwa bibi baada ya misa, bibi hakwenda. Niliitazama picha ile nikadhani ninasutwa, sikujibu. Alama za bluu zikamwonyesha kwamba nimeona.

Wiki kadhaa zilipita. Nilikuwa kwa fundi, nasubiri magauni ya sare ya harusi ya mtu, simu ikaita ujumbe. "Dada, pesa usisumbuke tena. Mama tumemzika juzi." Nilikaa chini kwenye vitambaa vya fundi nikalia, hadi mashine ikasimama. Lakini niseme ukweli wote: nililia huku bado naamini kwamba yule mwanamume ni mwizi. Nilimlaani kwa machozi yangu mwenyewe. Nilimpa binti pole, na kwenye pole hiyohiyo nikamchomekea kwamba Mungu atamlipa aliyehusika. Hakujibu. Baadaye nilijua kwamba tangu wiki ile hakuwa amerudi Runzewe kwa mumewe, kwa sababu yangu. Aliamini mumewe ameuza sidiria za mama yake akanywea pombe.

Kisha ofisi ya vifurushi ya hapa Kahama ikanipigia. Kuna mizigo yako imerudishwa, haina wenyewe, njoo uchukue. Nikaenda. Kulikuwa na kiroba kimoja tu, chenye vumbi, kimekandamizwa na mizigo mizito. Solotepu haijaguswa. Jina la mama lilikuwa linasomeka vizuri, na chini yake maandishi yangu makubwa, meusi, kama tangazo la mkutano.

Nilimtafuta kwa simu karani wa dirishani wa Runzewe, yule mwenyewe aliyekuwa zamu siku ile. Tulisalimiana kwa Kisukuma, mwangaluka, nikamuuliza. Alikumbuka bila shida.

"Nilimsomea kama ulivyotuagiza, mama. Jina, halafu vitu. Watu walikuwa wengi, basi lilikuwa ndiyo limeshusha, na bodaboda wenzake wako hapo dirishani. Nilipomaliza akasema si wake. Akaondoka."

"Hakusema kitu kingine?"

"Hakusema. Wenzake walikuwa wanacheka. Mimi nikaweka alama kwamba alikuja, mzigo nikausukuma chini ya meza, nikajua mwenyewe atatokea."

Nilisimama pale stendi ya Kahama na kiroba mkononi, nikaelewa yote kwa mara moja, na aibu ikanishika. Maana mimi si mgeni wa mambo haya. Nimezaliwa kijijini kwa Wasukuma. Bibi yangu mzaa mama alipokuja kututembelea, baba alihama nyumba yake mwenyewe. Alikula nje. Alimsalimia akiwa amesimama upande wa pili wa ukuta, macho kwenye mlima, na akimkuta njiani aliingia shambani kwa watu ampishe. Bibi akianika nguo, baba hakupita upande ule wa ua hadi zianuliwe. Tulipokuwa wadogo tulidhani wamegombana. Mama akatueleza kwamba hiyo ndiyo heshima, na kwamba mkwe anayejua heshima ni fahari ya nyumba.

Na mimi, mtoto wa nyumba ile, nilimpangia mwanamume karani wa kumtangazia titi la mama mkwe wake, la kushoto, mbele ya kijiwe kizima. Angeitikia vipi? Angesema ndiyo, ni wa kwangu, angenyoosha mkono? Alikana. Mkewe akamuuliza, na ili aeleze alichokana, ilimbidi atamke yale maneno kwa mdomo wake. Hakuweza. Akakubali kuitwa mwizi.

Nilifunga safari siku ya pili. Nilishuka Runzewe saa sita, nikauliza, nikaonyeshwa. Kijana mwembamba, wa miaka thelathini hivi, anafuta pikipiki ambayo ilikuwa safi tayari.

"Shikamoo," akasema.

"Marahaba." Nikajitambulisha kuwa mimi ndiye wa mzigo. Akaendelea kufuta. Nikamwambia umerudi, sijafungua, najua ulivyosomwa. Nikamwambia nimekuja kumwambia mke wako kwamba hukuiba. Sikuomba msamaha vizuri, maneno yalikuwa yananikwama, niliyezoea kuyamwaga.

Alikunja kile kitambaa mara nyingi, hadi kikawa kidogo. "Dada," akasema, "ungeandika nguo tu."

Aliwasha pikipiki akanipeleka. Njia nzima kiroba kilikuwa mapajani mwangu, katikati yetu, nami nikiona anavyojisogeza mbele kwenye tanki kisimguse mgongoni. Mama mkwe alikuwa ameshazikwa, na bado. Tulipofika aliegesha kwenye ua wa mnyaa wa mpakani, pale ambapo bila shaka ndipo alipokuwa anasimama siku zote, akakaa huko.

Binti alikuwa anapepeta mpunga uani. Hatukuwa tumeonana kabla, lakini alinijua kwa sauti. Alinipa kigoda, nikadhani ni kile cha kwenye picha. Nikamwambia yote, nikianza na Katoro ili ajue ujinga ulianzia wapi, nikaja kwenye karani, kicheko cha wale wenzake, na alama ya vema. Pesa yake nilikuwa nayo kwenye bahasha, nikaiweka kwenye ungo, na yeye akaiacha hapohapo juu ya mpunga.

Alitazama kule kwenye mnyaa. "Mimi ndiye niliyemtuma," akasema. "Nilimwona mume wangu. Sikumwona mkwe wa mama."

"Hukujua kama nimeandika na vilivyomo."

"Sikujua." Akapangusa macho kwa mgongo wa mkono wenye pumba. "Lakini mama angejua kwamba mkwe wake ameuchukua ule mzigo, umeshasomwa vile, asingeivaa sidiria. Angejifungia ndani. Mama angesema mkwe amefanya vizuri."

Nilitamani angenitukana. Badala yake akanieleza walivyomvisha. Wanawake wa jumuiya walimuogesha, wakamvisha gauni lililokuwa limepigwa pasi kwa ajili ya ile Jumapili, nalo likalala upande. Akawaomba wasubiri. Akaingia chumbani, akakunja nepi ya kitambaa ya mwanawe wa mwisho, akarudi akaiweka, akairekebisha mara mbili hadi ikakaa sawa. "Kwa hiyo alienda kanisani vizuri," akasema.

Nikampa kiroba. Alikishika mikono miwili, akasoma. Midomo yake ilikuwa inatembea kwenye jina la mama yake, polepole, mara ya kwanza na ya pili. Kisha akaniomba nisubiri, akaingia ndani, akatoka na wembe. Nilidhani anafungua. Hakufungua kwa juu kama watu wanavyofungua mizigo. Alikata solotepu pembeni, kwa uangalifu, akabandua karatasi yote ikiwa nzima. Sidiria na sponji akazitoa, akazitazama, akaipima ile sponji kiganjani mtama ukasikika ukisogea ndani. Akanirudishia. "Zipe mwenye shida nazo. Usimwambie ni za marehemu, wengine wanaogopa."

Halafu akailaza ile karatasi gotini na kuikata katikati, kati ya mistari yangu. Kipande chenye jina la mama alikipangusa vumbi kwa upindo wa kanga, akaenda kukichomeka kwenye fremu ya picha ya Komunyo iliyokuwa ukutani, bibi akiwa na kitenge chake hadi kidevuni. Mzigo wa kwanza wenye jina lake ulikuwa umefika nyumbani kwake.

Kipande cha chini, chenye maandishi makubwa, akanikabidhi mimi.

"Hiki ni cha kwako, dada," akasema, na akaenda kumwita mumewe aje ale.